Kwa Mama Hakutafunguliwa Tena

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha uani.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Kitinda,

Salamu zikufikie huko uliko, wewe, mkeo na watoto. Hujambo? Kifua kimeacha kukusumbua, au baridi ya huko bado inakubana? Na mgongo wa wifi yangu unaendeleaje? Huku sote tu wazima. Mama anakula vizuri, analala vizuri, na presha yake imetulia hata daktari ameisifu. Binti yangu amefaulu mitihani yake. Mimi sina ugonjwa wowote isipokuwa hasira, na hiyo umenipa wewe.

Nimekuandikia kwa kalamu makusudi. Kwenye simu ningeandika sentensi moja, nawe ungenijibu kwa vile vikatuni vya kucheka kabla sijafika ya pili. Karatasi haikatizwi. Kaa kitako, usome mpaka mwisho, halafu ndipo ununue ugomvi ukiutaka.

Andiko lako tumeliona. Nani hajaliona? Mtaa mzima umetumiana. Muuza magazeti kalisoma, msusi wangu kalisoma, hata nesi wa zahanati alimwuliza Mama kama ndiye yule "Mama" wa kwenye mtandao. Umeliita "Nani Aliyeua Kwa Mama?" Ukailaumu barabara mpya, ukayalaumu maduka makubwa, ukatulaumu na sisi tuliobaki, kwamba tu watu tusiojali kumbukumbu. Watu wasiotujua wamelia machozi. Na wanaotujua wameanza kunitazama njiani kama niliyemnyonga mtu.

Umewaambia wasomaji wako kwamba Kwa Mama palikuwa chumba kimoja cha kupanga kando ya gereji, meza za mbao, vikombe vya kijani, pazia la bluu, na nyuma ya pazia mama mjane aliyewalisha watu wote wa mtaa. Mpaka hapo hujakosea. Umeanza kukosea pale ulipolifunua pazia, kwa maana wewe pazia lile hukuwahi kulifunua.

Umeandika kwamba Mama alikuwa akiimba huku akipika. Kitinda, Mama hakuwa anaimba. Alikuwa anataja oda ili asizisahau. "Chai mbili, maharage moja, mayai ya yule mwenye haraka, chai mbili, maharage moja." Ukiwa mezani na mdomo umejaa mkate, labda ilisikika kama wimbo.

Halafu ukaandika kwamba dada yako "alikuwa akicheka nyuma ya pazia, na kicheko chake kilikuwa kiungo cha supu ile." Hapo niliweka simu chini. Mimi kucheka? Mule ndani hamkuwa na dirisha. Moshi wote uliokuwa ukitoka jikoni ulipitia puani mwangu. Uliyemsikia alikuwa anakohoa.

Mwaka aliofariki Baba, mimi nilitolewa shule na wewe ukaachwa uendelee. Sikulaumu, ulikuwa mdogo. Mama pia simlaumu, alihitaji mikono na mikono iliyokuwepo ilikuwa yangu. Lakini wewe ulikuwa ukitoka shuleni unaketi meza ya pembeni, unaletewa chai ya maziwa na mkate uliopakwa siagi, na mkono uliokuletea ulikuwa umejaa malengelenge. Hukuutazama. Watoto hawatazami mikono. Sasa una mvi kidevuni na bado hujautazama, ndicho kinachonipandisha nyongo.

Nikwambie jinsi Mama alivyolipokea andiko lako. Binti yangu alimsomea barazani, neno kwa neno, kwa sauti ya taarifa ya habari. Mama akasikiliza ametulia tuli mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Huyo mama anayeimbaimba ni nani?"

"Ni wewe, Bibi."

"Mimi? Na huyo mwandishi alikuwa wapi muda wote huo?"

"Mezani, Bibi. Anakula."

"Basi ndiyo maana," akasema, akaomba miwani yake.

Ningeweza kuyaacha yaishie hapo. Umetia chumvi, watu wamelia, yamepita. Lakini hukuishia kwenye kuandika. Ukawaita wenzako wa utotoni, mkaunda kikundi, mkachapisha fulana, na ukawaahidi kwamba Dada atawapikia. Mimi nikayajua hayo siku waliponigongea mlango.

Walikuja Jumamosi moja asubuhi, mwezi uliopita, wamevaa fulana mpya zilizoandikwa kifuani "Kwa Mama Hakufi." Mbele alikuwa rafiki yako wa damu, Kinyozi, yule mliyekuwa mkigawana kiti. Nyuma yake yule anayefundisha hesabu, na yule dereva wa teksi mliyemwita Tumbo. Kinyozi alifungua mikono mlangoni akasema kwa sauti kubwa, "Dada! Leo tumekuja kuula utoto wetu!"

Nikamwambia, "Utoto wenu haujapikwa. Piteni uani."

Walidhani natania. Nikawatolea jiko la mkaa, gunia la maharage, kapu la vitunguu na masufuria yaliyokaa miaka darini. Mwalimu nikampa maharage achague mawe. Tumbo nikampa jiko alipulize. Kinyozi nikampa kisu na vitunguu. Mama akatolewa kiti, akaweka miguu juu ya kigoda, akashika fimbo yake, akawa jenerali.

"Wewe kinyozi, kitunguu hicho unakikata au unakinyoa?"

"Nakikata, Mama."

"Basi kikate. Wewe wa motoni, pulizia chini, usipulizie usoni mwangu. Na wewe mwalimu, jiwe hilo umelirudisha, nimekuona."

Mwanzoni walikuwa wakipigana picha. Baadaye simu zikarudi mifukoni, maana mikono ilikuwa michafu. Tumbo alikohoa mpaka akatoka nje kushika ukuta. Jua lilipopanda, mwalimu akauliza kwa adabu kama kuna mahali pa kuketi. Mama akamwambia viti vya kuketi viko mbele, huku ni jikoni. Wenyewe hawakuniona, nilikuwa nimegeukia kamba ya nguo, na hapo kweli nilicheka. Hilo unaweza kuliandika.

Maharage yakaiva upande mmoja, upande wa pili yakaungua. Wakala. Walijitahidi kusifia, lakini mwalimu ni mtu wa kweli, akaweka kijiko chini akasema, "Ladha si ile, Mama."

Mama akamjibu bila hasira, "Ile niliipika kwa miguu yangu. Sasa sina ya kupikia."

Kinyozi ndipo aliponigeukia. "Lakini, Dada, kwa nini mlifunga? Sisi tuliambiwa mmefilisika."

Nikawaeleza. Na kwa kuwa wewe nawe hujui, soma.

Wewe mwaka ule ulikuwa shule ya bweni. Tulikuambia Mama amechoka, tukanyamaza, kwa sababu ulikuwa na mitihani na Mama alikataza usitiwe wasiwasi. Ilikuwa asubuhi, watu wamejaa, wengine wamesimama wakingoja wenzao wamalize. Miguu ya Mama ilikuwa imevimba kwa muda mrefu, jioni nilikuwa nikiikanda kwa maji ya moto na kidole changu kinaacha shimo. Asubuhi hiyo alikuwa anakoroga supu, nami naosha vikombe. Nikasikia mwiko umeanguka. Kugeuka, Mama yuko chini, ameegemea gunia, macho wazi. Akaniambia polepole, "Mwanangu, miguu siisikii."

Nilipiga kelele. "Jamani! Njooni mnisaidie!" Kule mbele mtu alikuwa anasimulia kichekesho, wakaangua kicheko, wakapiga meza kwa vijiko. Nikaita tena. Ndipo pazia likafunuliwa, kijana mmoja akaingiza kichwa. Alimwona Mama pale chini. Aliniona nimemshika. Akasema, "Pole, Mama." Halafu akanitazama mimi. "Dada, chai yangu usisahau. Sukari kidogo." Pazia likarudi.

Sikulia, Kitinda. Nilimlaza Mama vizuri, nikamwekea kanga chini ya kichwa. Kisha nikalishika lile birika kubwa, chai ya watu wote, nikaimwaga yote motoni. Mvuke na majivu vikajaa chumba kizima, vikapita chini ya pazia na juu ya pazia, wakatoka mbio wakigongana, wakikohoa. Ilikuwa mara ya kwanza wao kukohoa mle ndani. Aliyeingia kumbeba Mama alikuwa fundi wa gereji, mtu ambaye hata kula kwetu hakuwa akila. Alituweka kwenye gari la mteja wake, akaliendesha na mikono yake ina grisi mpaka hospitali. Mama alikaa huko wiki nyingi, akarudi na fimbo. Jiko lile halikuwashwa tena.

Kwa hiyo ukitaka kujua aliyeua Kwa Mama, acha barabara ya watu. Ni mimi. Niliua kwa chai, na nikirudishwa siku ile nitaua tena.

Nilipomaliza kuwaeleza, nikamtazama Kinyozi. "Unamkumbuka kijana yule?"

"Simkumbuki, Dada. Ni nani?"

"Alikuwa akipenda sukari kidogo."

Ilichukua muda kumwingia. Kikombe kilikuwa mkononi mwake, chai isiyo na sukari nyingi, kama anavyokunywa mpaka leo. Akakiweka chini. Mtu huyu anakumbuka rangi ya vikombe, anakumbuka meza iliyokuwa ikiyumba na upande iliokuwa ikiyumbia, ameyaandika yote chini ya andiko lako na kuwekewa mioyo. Hilo hakulikumbuka hata chembe. Hakuwa anaficha, nilimtazama vizuri. Lilikuwa limempita tu, kama nzi anavyompita mtu.

Alilia, na sio machozi ya mtandaoni. Mama akamwacha alie, kisha akamgusa goti kwa fimbo. "Futa pua, mwanangu. Ukaoshe sufuria."

Akaenda kuosha. Na akiwa ameinama pale bombani, mikono ndani ya masizi, ndipo aliponitolea lingine. "Dada, kuna jambo Kitinda hajakwambia. Kasema itakuwa zawadi."

Zawadi yenyewe mimi naijua sasa, na wewe unaijua. Chumba kile cha kando ya gereji kilikuwa kitupu tangu mafundi simu walipohama. Umempigia mwenye nyumba, umekubaliana naye, umewatangazia wenzako kwamba Kwa Mama kutafunguliwa upya, Mama ataketi mlangoni apigwe picha, na Dada atashika jiko.

"Alisema utafurahi," Kinyozi akaniambia.

"Na kazi yangu?"

Akasugua sufuria kwa nguvu. "Alisema... alisema unabangaiza tu na rangi."

Kitinda, mdogo wangu niliyekubeba mgongoni. Mimi ni fundi rangi. Mwaka uliofuata kufungwa kwa mgahawa nilianza kwa kumshikia mtu ngazi, nikafundishwa kukwangua, kupiga msasa, kuchanganya. Leo ninaongoza kundi la wanawake. Zahanati anayotibiwa Mama nimeipaka mimi, ndani na nje. Nikiingia kwenye chumba kilichofubaa, nikatoka kinang'aa, hakuna anayeniambia nimesahau sukari. Naamka asubuhi, hewa ni safi, nakunywa chai yangu mwenyewe nimeketi. Hicho ndicho unachokiita kubangaiza. Na ulikuwa tayari kunirudisha kwenye moshi ili wewe ukija likizo upate pa kuketi.

Jumatatu iliyofuata nilimvalisha Mama gauni lake zuri, tukaenda kwa mwenye nyumba. Amezeeka, masikio yamekuwa mazito, lakini akili ipo.

"Karibuni, karibuni," akasema. "Ndugu yako kanipigia simu. Kasema mnarudi."

"Anayerudi ni mimi," nikamwambia. "Yeye bado yuko huko huko."

"Sawa, mgahawa ni mgahawa."

"Sio mgahawa, mzee. Rangi."

"Nani anakula rangi?"

Mama akacheka mpaka akajishika mbavu. Nikamsogelea sikioni nikamweleza polepole kwamba nataka mahali pa kuweka ndoo zangu na ngazi zangu, kwa jina langu, na kwamba nitamtunzia nyumba kuliko mafundi simu. Akatafakari. Akasema alishakupa wewe neno lake. Nikamwuliza, "Neno alilokupa lilikuwa la kwake au la kwangu? Maana jiko alilokuahidi lilikuwa mikono yangu." Mzee akamgeukia Mama. "Na wewe unasemaje?"

Mama akasema, "Mimi nilipanga hapa kwa sababu nilikuwa na watoto wenye njaa. Wameshiba. Mpe huyu chumba."

Nikapewa. Nikaomba na ruhusa ya kutoboa ukuta wa nyuma, akaipa pia.

Kwa hiyo usisumbuke tena na simu. Chumba kina mpangaji. Pale mbele zilipokuwa meza zimepangwa ndoo. Pazia lilishachukuliwa na panya zamani, waya wake nimeung'oa mwenyewe. Masizi yalikuwa yameingia ukutani kama ugonjwa, nimekwangua mpaka mabega yakakataa, nikapaka nyeupe, nikarudia, nikarudia tena. Na kule nyuma, mahali hasa lilipokuwa jiko, nimeweka dirisha.

Mama alikuja kuliona lilipomalizika. Aliingia na fimbo yake, akapita moja kwa moja mpaka kule nyuma, akasimama. Mwanga ulikuwa umejaa sakafuni. Aliegemea fimbo akitazama nje, nami nikaogopa labda nimemkosea. Kisha akasema, "Kumbe hapa nje kuna mti." Miaka yote ile alipika akiwa ameupa mgongo mti ule, hakujua. Nikamletea ndoo tupu nikaipindua, akaketi. Hakutaka kuondoka mpaka jua lilipozunguka upande wa pili.

Usidhani mimi sina ninachokikumbuka kwa upendo. Kipo. Kila siku kabla hatujafungua mlango, Mama alikuwa akimimina vikombe viwili vya kwanza, chake na changu. Tulikuwa tukikaa juu ya magunia, magoti yanagusana, hatusemi neno. Chai ile sijaionja tena popote, na Mama anasema vivyo hivyo. Hiyo haimo kwenye andiko lako kwa sababu ulikuwa bado umelala. Nimekutajia ujue ipo tu, na nakukataza usiiandike.

Ninalotaka kwako ni jepesi. Ifute ile sentensi inayonichekesha nyuma ya pazia. Waambie watu wako Kwa Mama hapafunguliwi, na uwaambie sababu, kwa mdomo wako, bila kuipamba. Ukiona aibu, Kinyozi atakusaidia, yeye ameshaanza. Juzi alikuja na mashine yake akamnyoa shemeji yako barazani, akaondoka bila kuomba hata maji ya kunywa.

Na mwandikie Mama. Usimwulize habari za supu. Mwulize miguu yake inaendeleaje. Hujawahi kumwuliza, na anajua kwamba hujawahi.

Mama anakusalimu, anasema ukivaa vizuri kifua kitapona. Shemeji yako anakusalimu, naye amenisihi nilainishe maneno, na haya unayoyasoma ndiyo yaliyolainishwa. Binti yangu anakusalimu sana, anasema andiko lako lina makosa ya tahajia. Nisalimie mkeo, mwambie sina kinyongo naye. Wabusu watoto, na siku moja uwaambie kwamba shangazi yao hupaka nyumba za watu.

Mungu akulinde huko ugenini, akupe afya na riziki, na akupe macho.

Nitasafiri mwezi wa sita kwa kazi, kabla ya hapo nipo. Nafasi ya kulala ipo, shuka safi zipo, na ugomvi wetu tutaumaliza ana kwa ana. Ila ukija, uje umeshakula.

Ni mimi nikupendaye hata nikiwa nimekasirika,

Dada yako.